Alama za Kikapu Nilichonunua Mimi

Kikapu chenyewe kilikuwa kidogo, cha ukindu, kina mstari wa zambarau kiunoni. Nilikinunua soko la Majengo hapa Dodoma Alhamisi jioni kwa shilingi 3,000, kwa sababu mwanangu alikuja na maagizo kwamba kesho kila mwanafunzi apeleke kazi ya mikono. Muuzaji hakuniuliza nataka cha kubebea nini. Alinitazama tu akasema, "Cha shule, mama? Chukua hivi vidogo, wenzako wote wanachukua hivi." Alikuwa amevipanga mbele kabisa, kando ya vifagio vya chelewa.

Kesho yake mtoto akarudi na kipande cha karatasi kilichofungwa kwenye mkono wa kikapu: 18/20. Nikampongeza. Akanijibu, "Lakini mama, hizo ni zako."

Yalinichoma maneno yale. Najua siko peke yangu. Wazazi wengi tumeshanunua kikapu, kifagio, mwiko, kitambaa cha kufuma, mtoto akapewa alama, mwalimu akajaza daftari lake, na vitu vyote vikaishia stoo. Tumemfundisha mtoto kwamba kazi ya mikono ni kitu kinachopatikana sokoni jioni. Hilo ndilo ninalolipinga, na sioni aibu kusema nami nilishiriki.

Mwanangu yumo katika lile kundi lililoanza darasa la tatu Januari 2024, mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika. Mtaala unataka mtoto afanye, si akariri tu. Na wazo lenyewe tunalo tangu 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea. Kwa hiyo mwelekeo upo. Kinachotushinda ni ile Alhamisi jioni.

Nilichokiona mwaka uliofuata, akiwa darasa la nne, ndicho kilichonifanya niandike. Mwalimu wao wa Hisabati aliwaambia walete chupa tupu za maji za kutengenezea vipima mvua, zile zilizonyooka ubavuni, siyo zenye kiuno. Walizikata shingo, wakaigeuza ile shingo kichwa chini ndani ya chupa iwe kama mrija wa kukingia. Chini ya chupa si bapa, kwa hiyo walitia changarawe, kisha maji mpaka kwenye alama ya sifuri waliyoichora kwa kalamu ya wino mzito. Wakabandika rula kwa gundi ya karatasi. Chupa tano, makundi matano, zikasimikwa uwanjani mbali na miti na paa. Gharama yake sifuri.

Kila siku ya shule saa 3:00 asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya hali ya hewa husoma vipima mvua vyao, mtoto mmoja wa kila kundi alitoka kwenda kusoma. Mvua ya kwanza kubwa ilileta ugomvi. Kundi moja lilisema 14, jingine 19, na chupa zilikuwa hatua tatu tu kutoka moja hadi nyingine. Wakatuhumiana kumwagia maji. Mwalimu hakuamua. Aliwaambia waende wote wakaangalie, na wakakaa pale wamechuchumaa mpaka mtoto mmoja akagundua kwamba kuna rula ambazo sifuri yake haianzii ukingoni, ina kipande cha mti kabla ya mstari wa kwanza. Waliokuwa wamelinganisha ukingo wa rula na alama ya sifuri walikuwa wamepunjwa milimita tano. Mwanangu alinisimulia hili jikoni huku ameshika rula yake, akinionyesha kwa ukucha. Sijawahi kumsikia akisimulia zoezi la ubaoni namna hiyo.

Kisha wakaingia kwenye hesabu ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Wakapima darasa lao kwa kamba: mita 9 kwa mita 7, yaani mita za mraba 63. Siku moja ilinyesha milimita 20. Piga hesabu: lita 1,260, sawasawa na ndoo 63 za lita 20. Ndoo moja kwa kila mita ya mraba! Watoto hawa ndio wale ambao kiangazi hubeba vidumu vya maji kwenda shuleni, na paa la darasa lao halina gata. Maji yote yale yalidondoka chini, yakachimba mfereji mbele ya mlango, yakaenda zake korongoni.

Dodoma yetu ina msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi. Hata mwaka mbaya ukitupa milimita 400 tu, paa hilo moja linapokea lita 25,200. Hesabu hii ilifanywa na watoto wa miaka kumi kwa chupa zilizookotwa. Mimi nimeishi mji huu miaka yote, nanunua maji kwa dumu, na sijawahi kuifanya.

Najua walimu watasema nini, na wana haki. Darasa lile lina watoto zaidi ya themanini. Ukiwatoa nje themanini kila siku, kipindi kimekwisha. Ndiyo maana yule mwalimu aliwagawa makundi na kumtoa mmoja mmoja. Lakini ilipofika mwezi wa nane, Upimaji wa Kitaifa wa darasa la nne ukikaribia, karatasi ya manila waliyokuwa wamechorea grafu ya nguzo za mvua ilibanduliwa ukutani, pakabandikwa maswali ya mitihani iliyopita. Ikaanza rimedio, yale masomo ya ziada, asubuhi na jioni. Simlaumu mwalimu, maana yeye ataulizwa wastani wa darasa, hataulizwa kuhusu chupa. Lakini iliniuma, kwa sababu katika maswali yale yale yaliyobandikwa kulikuwa na eneo, vipimo na grafu, mambo ambayo watoto walikuwa wameyashika kwa mikono yao.

Kuna jambo moja shuleni ambalo halijawahi kuharibiwa na soko, nalo ni ngoma. Siku ya mahafali wasichana walipiga muheme, ngoma wameibana kati ya mapaja kama wanavyoibana mama zao wa Kigogo, na vumbi likatimka mpaka meza kuu. Hakuna mzazi anayeweza kukununulia mkono wa kupiga muheme. Walijifunza kwa kupiga, wakikosea wanarudia, na bibi mmoja jirani wa shule alikuwa akija kuwarekebisha bila kulipwa.

Kwa nini bibi kama huyo asiitwe pia kwenye kazi ya mikono? Wapo wanaosuka, wapo wanaofinyanga vyungu, wapo mafundi wa baiskeli na cherehani mtaa wa pili. Vipindi viwili mfululizo, mtoto akae aanze kikapu mbele ya mwalimu, kikiwa kimepinda kiwe kimepinda, na alama zitolewe kwa kile kilichopinda. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016, wazazi tumezoea kufikiri kazi yetu imebaki kununua. Kumbe mikono yetu ndiyo inayohitajika zaidi.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi ijayo. Nitaomba mambo mawili. La kwanza, maagizo ya kupeleka kazi za mikono kutoka nyumbani yafutwe, zitengenezwe darasani. La pili, tuchangie gata na tangi kwa lile darasa moja, kabla ya Desemba. Nikiulizwa litakusanya maji kiasi gani, nitamwomba mwenyekiti amwite mwanangu ajibu yeye.