Chaguo na liandikwe kwa jina lake kamili

Argparse, moduli ya lugha ya programu ya Python ya kusoma machaguo ya mstari wa amri (maneno kama `--rangi` yanayoandikwa baada ya jina la programu), ina tabia ambayo wengi hawakuiomba: ukiandika mwanzo tu wa jina la chaguo, inalimalizia yenyewe, mradi herufi hizo zisilingane na mwanzo wa jina jingine. Tangu Python 3.5 ya mwaka 2015 unaweza kuizima kwa `allow_abbrev=False`. Wanaoizima huambiwa ni wakali bure. Naona wanaonewa.

Tuseme programu yako ina chaguo `--futa-kache`, la kufuta data ya muda tu. Mtu ameandika `--futa` kwenye skripti yake (faili la amri), ikakubali, akaiweka kwenye cron, kiratibu cha kazi za kompyuta, iende kila usiku. Mwaka unapita. Wewe, bila habari naye, unaongeza chaguo jipya `--futa`, la kuondoa data yote. Jina linalolingana herufi kwa herufi ndilo hutangulia, kwa hiyo hakuna kosa litakalotangazwa. Usiku ule skripti ileile, haijaguswa hata nukta, inafuta data. Nani alaumiwe? Mwongozo wako hukuuvunja. Naye alitumia kilichokubaliwa. Lau jina jipya lingekuwa `--futa-logi`, programu ingegoma na kusema chaguo lina utata, na asubuhi mwenyewe angeona kazi imekwama. Hiyo ni hasara ndogo. Lakini tazama ulichojitwisha: kila kipande cha mwanzo wa kila jina kimekuwa ahadi kwa watu usiowajua.

Programu inayoita programu nyingine iko pabaya zaidi. Ukitumia `parse_known_args`, njia ya argparse ya kusoma machaguo inayoyajua na kuyaacha mengine, ili machaguo usiyoyajua uyapitishe kwa ile ya ndani, `--rangi` iliyokusudiwa ya ndani humezwa na ya nje yenye `--rangi-zote`. Mwongozo wa Python wenyewe unatahadharisha juu ya hilo.

Wanaotetea vifupisho wana hoja. `getopt_long`, kisoma-machaguo cha programu za GNU, inavikubali, Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, pia, na vidole vya watu vimeshazoea. Anayefanya kazi kwenye seva ya mbali, laini inasuasua na kitufe cha Tab hakimalizii kitu, anaokoa herufi kweli. Tena kabla ya Python 3.8 kuzima vifupisho kulizuia pia kuunganisha herufi fupi, kama `-vf` badala ya `-v -f`, kwa hiyo waliosita walikuwa na sababu.

Ila mwenye haraka ana chaguo la herufi moja kama `-f`, iliyowekwa makusudi na kuandikwa kwenye mwongozo. Na Git hiyohiyo inawaasa waandishi wa skripti waandike majina kamili. Tatizo ni kwamba herufi zinazoifikia programu ni zilezile, ziwe zimetoka kidoleni au kwenye cron.

Programu ambayo tayari ina watumiaji isizime ghafla, maana itavunja skripti zilezile tunazozihurumia. Ingoje toleo kubwa na itangaze mapema. Programu mpya izime siku ya kwanza, kabla hajapatikana wa kuumia.