Malipo ya mwisho yaje na mchanganuo

Wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam, wa viwanda vya kandokando ya Barabara ya Nyerere na wa maduka ya Kariakoo, huondoka kazini wakiwa wamewekewa mezani karatasi moja yenye kiasi kimoja cha fedha na sentensi isemayo kwamba mhusika amelipwa haki zake zote na hana madai mengine. Msimamo wangu ni kwamba karatasi ya namna hiyo haifai kutiwa sahihi hata kama kiasi kilichoandikwa kinaonekana kikubwa, kwa kuwa mtu aliyetajiwa jumla bila mchanganuo, yaani bila kuonyeshwa imetokana na nini, hana njia ya kujua kama amelipwa au amepunjwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yenyewe haizungumzii jumla. Inataja kila stahiki kwa jina lake: mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi, malipo ya likizo ambayo haikuchukuliwa na ya ile iliyokuwa bado inalimbikizwa, malipo ya notisi pale yanapostahili, kiinua mgongo, na usafiri wa kurudi mahali mfanyakazi alikoajiriwa. Kila stahiki ina masharti yake, na ndiyo maana kuzichanganya katika tarakimu moja kunamfaidi mwajiri peke yake.

Kiinua mgongo ndicho chenye ubishi zaidi. Hudaiwa pale mwajiri anapovunja mkataba wa mfanyakazi aliyetimiza walau miezi 12 mfululizo kazini, kwa kiwango kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi ukomo wa miaka 10. Tuchukue mfanyakazi wa siku 6 kwa wiki ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 520,000 kwa mwezi. Ukiugawa kwa siku 26 za kazi katika mwezi, siku yake moja ni shilingi 20,000 na siku 7 ni shilingi 140,000; kama amekaa miaka minne na miezi minane, itahesabiwa miaka minne tu, kwa hiyo anastahili shilingi 560,000. Hesabu hii mtu yeyote anaweza kuifanya kwa simu yake, mradi aambiwe ni mshahara gani umetumika na miaka mingapi imehesabiwa, na hayo mawili ndiyo ambayo karatasi ya mkupuo haisemi.

Ni kweli kwamba aliyeacha kazi kwa hiari yake, aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, na ambaye mkataba wake wa muda maalumu umefika mwisho hawana dai la kiinua mgongo. Hata hivyo, inanisikitisha kusikia watu wazima wakiamini kwamba aliyefukuzwa kwa kosa hana chake tena. Kosa halifuti mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi wala likizo yake. Vilevile si sahihi kumjibu mfanyakazi kwamba kiinua mgongo chake akakifuate NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa sababu michango inayopelekwa huko na mwajiri na mfanyakazi, ambayo kwa pamoja ni asilimia 20 ya mshahara, ni haki nyingine kabisa, na sheria inatamka wazi kwamba kulipwa kiinua mgongo hakuathiri malipo mengine.

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28 akishavuka mwezi wa kwanza wa ajira, na mwajiri asiyetaka kumwona kazini katika siku hizo atamlipa. Haki hii ina pande mbili, kwani mfanyakazi anayekataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi anaweza kukatwa kiasi hicho kwenye stahiki zake. Likizo ya mwaka usiokamilika huhesabiwa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Aliyeajiriwa Mbeya akaletwa Dar es Salaam anadai usafiri wake na wa mizigo yake, pamoja na fedha za kujikimu mpaka atakaposafirishwa.

Mchanganuo una faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko zote: unafichua makato. Mwajiri anayedai fidia ya mali iliyopotea au kuharibika anapaswa kumweleza mfanyakazi kwa maandishi sababu na kiasi, kumpa nafasi ya kujitetea na kupata ridhaa yake ya maandishi, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake. Upungufu wa stoo ulioibuliwa siku ya mwisho na kumezwa ndani ya jumla hauwezi kupingwa na mtu ambaye hajui hata kama amekatwa.

Anayenyimwa mchanganuo auombe kwa barua na kubaki na nakala iliyopokelewa, akiomba humo humo cheti cha utumishi ambacho mwajiri analazimika kumpa. Asikae muda mrefu akisubiri majibu. Mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60, na siku hizo haziachi kuhesabiwa kwa sababu mhasibu amesema njoo wiki ijayo.