Sufuria Sita, Pilau Hakuna

Cheo cha msimamizi nilikipata kwa sababu aliyekuwa nacho alirudi kwao Machakos kufuga kuku. Bosi wetu, mama mwenye kampuni ya kukodisha mahema na viti kule Industrial Area, Nairobi, alinikuta nimebeba vyuma vya hema begani, akanitazama juu mpaka chini, akasema: "Wewe kazi unaijua. Kesho njoo na shati la kola."

Nikaja na shati la kola, nikaendelea kubeba vyuma. Wale vijana nilikuwa siwaamini hata kidogo. Mtu akifunga kamba ya hema, mimi niko nyuma yake naifungua nafunga upya. Akipanga viti, nasubiri ageuke nivipange tena. Wakazoea. Wakawa wanafika asubuhi, wanakalia kreti za soda na chai yao na mandazi, wananitazama ninavyolowa jasho na kola yangu shingoni. Siku bosi alipopita akayaona hayo, sauti yake ilisikika hadi kwa jirani anayeuza betri za magari: "Nakulipa uwe msimamizi ama hamali? Gawa kazi! Una mdomo, waambie watu!"

Mimi tena, mtu wa kutii.

Ijumaa jioni mlinzi akaniita stoo, akainua sufuria yetu kubwa ya pilau akaielekeza kwenye taa. Mwanga ukapenya. Na kesho yake tulikuwa na kazi ya ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, kule Kahawa West: hema, viti mia mbili, vyombo na mpishi. Zamani ningeamka alfajiri nikaikimbilie sufuria mwenyewe. Safari hii nilikaa chini, nikafungua kundi letu la WhatsApp, nikaandika:

"Habari za jioni timu. Sufuria ya pilau imetoboka. Apatikane mtu apitie Kamukunji asubuhi anunue nyingine ya saizi ileile, alete moja kwa moja Kahawa West. Atunze risiti, pesa atarudishiwa. Asanteni kwa ushirikiano."

Hebu niambie hapo kimekosekana nini. Shida imetajwa, duka limetajwa, saizi ipo, malipo yapo, na shukrani juu. Wakajibu kwa vidole gumba, kimoja, cha pili, mpaka vikafika sita. Alama zikageuka bluu. WhatsApp walituletea hizo alama za bluu mwaka 2014 ili mtu alale akijua ujumbe wake umesomwa, nami nililala.

Asubuhi nafika stoo, namkuta dereva wa lori na mlinzi. Wengine hawapo. Nikajua vijana wamechelewa kama kawaida yao, nikakunja mikono ya shati. Viti mia mbili tukavipakia watu watatu, mlinzi akilalamika kwamba mkataba wake unasema kulinda. Katikati ya hapo picha ikaingia kwenye simu: sufuria mpya inameta. Nikajibu kwa kidole gumba. Ikaingia picha nyingine ya sufuria. Nikadhani ni ileile imepigwa upande wa pili. Ya tatu sikuifungua hata, nilikuwa na viti kichwani.

Kamukunji ukitaka sufuria unafuata masikio. Kabla hujavuka kutoka Muthurwa unasikia nyundo, na ukiingia kwenye yale mabanda, mji wa jua kali ambao Rais Moi aliutembelea mwaka 1985 akaahidi kuwajengea mafundi vivuli, unakuta masanduku ya shule, majiko, toroli na sufuria za kutosha kulisha jeshi. Wauzaji wa pale si watu wa kupitwa na jambo. Fundi mmoja aliona kijana wa tisheti ya kijani, sare yetu ya kazi, akiulizia sufuria ya saizi fulani. Baada ya dakika kumi akaja mwingine, tisheti ya kijani, saizi hiyohiyo. Alipoingia wa tatu, fundi alishaelewa kwamba tisheti za kijani zina shida kubwa mahali. Risiti ninazo: kila moja imeipita iliyotangulia kwa shilingi mia mbili.

Kule Kahawa West tulisimamisha hema mbio mbio. Mpishi, mama mmoja asiye na mzaha, alikuwa ameshakata vitunguu na kuosha mchele, na moto unawaka. "Sufuria?" akauliza. "Iko njiani, mama," nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyegawa kazi.

Kwa wasiojua mambo ya ruracio: wageni wa bwana harusi hawaingii hivi hivi. Wanafungiwa geti, kina mama wa ndani wanaimba, kina mama wa nje wanajibu, na wanabembelezana hivyo mpaka wenye nyumba waridhike. Basi wimbo ulikuwa umekolea, wageni wamejazana nje na mablanketi yao, unga, sukari na kreti za soda, wakati Mrefu, kijana wetu wa taa na spika, aliposhuka kwenye matatu ya 44 na sufuria kichwani.

Mrefu akajaribu kupenya. "Samahani mama, napeleka kwa mpishi." Nani atamsikia? Kina mama wa nje walipoona sufuria inapita wakaisukuma mbele. Geti likafunguka kidogo, shangazi wa bibi harusi akaichomoa kichwani kwa Mrefu, ngemi, yaani vigelegele, zikapigwa, sufuria ikacheza kiuno hadi ndani ya nyumba.

Kabla sijafika getini, akatokea mwingine kwenye bodaboda, sufuria imefungwa mgongoni kama kobe. Ngemi. Wawili wakaja pamoja kwa teksi, hawaongeleshani. Walikuwa wamekutana barabara ya Thika kwenye foleni, kila mmoja akamwona mwenzake na mzigo uleule, na kila mmoja akaamua mwenzake ndiye hakuelewa ujumbe. Ngemi mara mbili. Mjomba wa bwana harusi, mzee wa kofia ya manyoya, akamnong'oneza nduguye, "Hizi umepanga wewe?" Nduguye akanyamaza kidogo, akarekebisha koti, akasema, "Nilifikiria tufanye jambo."

Ya sita ilipoingia, wageni waliingia nayo. Hakuna geti la kuzuia ukwe wa namna hiyo.

Nikarudi jikoni mikono mitupu. Mpishi akanitazama. "Sufuria iko wapi?"

"Zipo sita, mama."

"Wapi?"

"Chumbani kwa mama wa bibi harusi."

Nilikwenda kuomba hata moja, ya kuazima tu. Mlangoni alikaa shosho mwenye fimbo, akanisikiliza mpaka mwisho kwa upole mkubwa. "Mjukuu wangu," akasema, "sufuria ya mahari unataka kuitia masizi kabla hata mama hajaiona?" Nikamwamkia tena, nikaondoka.

Huko kwenye hema ndogo wazee wakizungumza mbuzi wa mahari, msemaji wa upande wa bwana harusi alikuwa hapumziki: "Mmeona wenyewe jinsi tulivyoingia. Mtu anayeleta sufuria sita bila kuulizwa, huyo ni wa kukazwa mbuzi?" Wazee wakaguna kwa namna ya kukubali.

Ndipo nilipomshika Mrefu bega, nikamtazama machoni. "Wewe. Panda bodaboda sasa hivi, Kamukunji, sufuria moja. Vua hiyo tisheti kabla hujafika kwa fundi. Ukirudi pita nyuma, kwenye uzio wa michongoma, umkabidhi mpishi mkononi." Wale wengine watano wakauliza, "Na sisi, mkubwa?" Nikawaambia wabaki walipo. Mrefu alirudi na sufuria imefunikwa turubai kama mgonjwa, na pilau ikaiva saa kumi jioni. Wageni walisema ilikuwa tamu. Njaa ilisaidia.

Jioni nikamfuata mzee wa kofia na risiti zangu. Akanivuta nyuma ya lori, akazisoma moja moja chini ya mwanga wa simu, akacheka kimya kimya mpaka kofia ikamshuka. "Kijana, hizi zimetupunguzia mbuzi. Nipe namba nitume M-Pesa." Akalipa tano. Ya sita alikataa kabisa, kwa madai kwamba ile aliinunua nduguye, maana amesema mwenyewe mbele ya watu.

Kwa hiyo katika kitabu cha mali ya kampuni, kwenye safu ya "mahali ilipo", karani ameandika kwa wino wa bluu: sufuria 1, kubwa, Kahawa West, chumbani kwa mama wa bibi harusi. Bosi ametia sahihi, na kila mwisho wa mwezi ananiuliza kama nimeenda kuikagua.