Kiingereza cha macho na Kiingereza cha masikio: Kidato cha Nne kipimwe kipi?

Soma sentensi hii: "Mgwaso alikuwa akisheza vibwelu pembeni mwa mludu kabla ya jua kuzama." Sasa jibu. Nani alikuwa akisheza vibwelu? Mgwaso. Alikuwa wapi? Pembeni mwa mludu. Ilikuwa wakati gani? Kabla ya jua kuzama. Umepata tatu kwa tatu, na hakuna anayejua kibwelu ni kitu gani, hata mimi niliyekitunga.

Nilipokuwa nikifundisha Kiingereza katika sekondari moja ya kutwa, nilisahihisha majibu ya namna hiyo kwa mamia. Mwanafunzi anasoma swali, anatafuta kwenye kifungu cha habari neno linalofanana na lililo kwenye swali, ananakili mstari mzima mpaka penye nukta. Mara nyingi jibu limo humo, na mwongozo wa kusahihisha unasema apewe alama. Siku moja nikachukua kifungu ambacho Kidato cha Tatu walikuwa wamekifanya vizuri wiki iliyotangulia, habari ya kijiji kilichochimba kisima. Nikawaambia wafunge madaftari, nikawasomea kwa sauti, taratibu, mara mbili. Nikauliza ni nani aliyetoa kiwanja cha kuchimba. Kimya. Mwishowe kijana wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, andika ubaoni basi."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini mjadala unaoibuka kila matokeo yanapotoka: je, mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Nne uwe na sehemu ya kusikiliza, au uendelee kupima kusoma na kuandika peke yake? Pande zote mbili zina hoja nzito kuliko zinavyodhaniana.

Hali ilivyo ni hii. Mtihani unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, ni karatasi moja ya saa 3. Mtahiniwa anasoma, anachagua, anaoanisha, anaandika. Hakuna dakika hata moja anayotakiwa kusikiliza kitu. Lakini muhtasari wa somo wa mwaka 2005, uliolea vizazi kadhaa vya shule za kata, ulikuwa na mada ya kusikiliza na kuelewa matini rahisi katika Kidato cha Pili, na nyingine katika Kidato cha Tatu ya kusikiliza ili kupata taarifa kutoka vyanzo mbalimbali. Ukiingia ofisi ya walimu ukauliza mada hizo zilifundishwaje, utaonyeshwa andalio la somo lililojazwa vizuri. Darasani zilirukwa. Simlaumu mtu, mimi mwenyewe niliziruka. Mwalimu mwenye mikondo minne, kila mmoja na wanafunzi 60 au 70, hupanga wiki zake kwa kutazama pasti pepa, na kwenye pasti pepa hakuna masikio.

Wanaotaka kusikiliza kuingizwe kwenye mtihani huanzia hapo: kisichoulizwa hakifundishwi. Lakini hoja yao kubwa zaidi ni ya mwezi Januari. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza, anapewa kozi fupi ya Kiingereza, kisha baiolojia, fizikia na jiografia zote zinakuja kwa lugha hiyo. Kinachohitajika kwanza ni sikio. Kitabu ataweza kukirudia usiku, au kumwonyesha kaka yake. Maelezo ya mwalimu kuhusu kwa nini maji hupanda kwenye shina yanapita mara moja. Asipoyadaka, kinachobaki ni ubao, na ndiyo maana vipindi vingi vya sekondari zetu ni vya kunakili notisi.

Tatizo hili si la jana. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na Bill Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania katika ngazi mbalimbali za elimu, wakaandika kwamba kwa kiwango walichokikuta lugha hiyo haikufaa kufundishia sekondari. Ajabu ni kwamba walipendekeza iendelee kufundishia, ila iongezewe nguvu. Miaka miwili kabla yao, tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kiingie sekondari, na serikali haikukubali. Kwa hiyo zaidi ya miaka 40 tumekuwa tukimfundisha mtoto kwa lugha ambayo hatujawahi, katika mtihani wake mkubwa, kumuuliza kama anaisikia.

Upande wa pili unajibu kwa mifano ya nchi zilizothubutu. Kila Novemba, siku ya mtihani wa kuingia vyuo vikuu, Korea Kusini huzuia ndege kuruka na kutua kwa dakika 35 mchana, ili sehemu ya kusikiliza Kiingereza isiingiliwe na kelele. Maswali 17 kati ya 45 ni ya kusikiliza, na nchi nzima inanyamaza kwa ajili yake. Watu huisimulia habari hii kwa kuvutiwa. Mimi huwa naisikia kama bei iliyobandikwa kwenye bidhaa. Sisi pia Kidato cha Nne hufanya mtihani Novemba, na sehemu nyingi za nchi huo ni mwezi wa vuli. Nani atazuia mvua isinyeshe juu ya bati? Aliyewahi kufundisha kwenye jengo lisilo na dari anajua kuwa matone yakianza, mwalimu anaacha kusema na kugeukia ubao.

Japani nayo iliingiza sehemu ya kusikiliza Januari 2006, kila mtahiniwa akapewa kifaa chake kidogo cha sauti na hedifoni. Hata huko, kwenye nchi inayouza redio dunia nzima, mamia walilalamika siku hiyo kuwa vifaa vyao vina hitilafu. Hawakurudi nyuma: tangu 2021 kusikiliza na kusoma vina alama 100 kila kimoja. Ila walipotaka kwenda mbali zaidi, watumie mitihani ya Kiingereza ya makampuni binafsi ili kupima kuzungumza pia, waziri wa elimu Koichi Hagiuda alisema kwenye televisheni, Oktoba 2019, kwamba wanafunzi washindane kwa kadiri ya uwezo wao. Watu wakauliza: uwezo wa akili au wa mfuko? Siku chache baadaye mpango ukaahirishwa, na baadaye ukaachwa kabisa.

Swali hilo la mfuko ndilo linalonisumbua kuliko mvua. Kusoma kunaweza kulimwa popote. Mtoto mwenye kitabu kimoja na mwalimu mvumilivu anafika. Sikio linahitaji sauti za kusikia. Aliyesoma shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza na kutazama katuni za king'amuzi tangu ana miaka minne anazo bure. Mwenzake wa kijijini Kiingereza anachokisikia ni cha mwalimu wake tu, kama mwalimu mwenyewe hakihamishii kwenye Kiswahili kila dakika ya tano. (Anakihamishia, na anafanya vyema, maana somo lazima lieleweke.) Zipo pia shule zenye wanafunzi viziwi, ambao ingebidi waandaliwe utaratibu wao tangu mwanzo, badala ya kukumbukwa wiki ya mtihani.

Watetezi wa kusikiliza husema pengo hilo lipo tayari, hivyo kulifunika hakumsaidii mtoto. Ingekuwa hivyo kama mtihani wetu ungekuwa kipimajoto. Mtihani wa Kidato cha Nne ni chekecheke: unaamua nani anaenda Kidato cha Tano, nani anapata chuo, nani anarudi shambani. Tundu lolote jipya unalotoboa kwenye chekecheke lina mtu litakayemdondosha.

Halafu kuna wanaosema kusikiliza Kiingereza si hitaji la kweli. Sokoni ni Kiswahili, bungeni ni Kiswahili, na anayekutana na Kiingereza mara nyingi anakutana nacho kimeandikwa: kwenye mkataba, kwenye karatasi ya dawa, kwenye kitabu cha chuo. Hoja hiyo inaelekea kuwa sahihi mpaka umkute kijana anayeomba kazi ya kuongoza watalii Arusha au mapokezi ya hoteli Nungwi. Anayetaka kusoma ng'ambo naye hukutana na mtihani wa IELTS, wenye maswali 40 ya kusoma na 40 mengine ya kusikiliza, na rekodi inapigwa mara moja tu. Huyo analipia mfukoni kupimwa kitu ambacho shule haikumpima kwa miaka minne.

Kenya ilijaribu kupita katikati. Katika mtihani wake wa kumaliza sekondari, KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na nusu yake, alama 30, ni za stadi za mazungumzo. Zote zinajibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa anaulizwa neno linalotamkwa sawa na "son", anaonyesha silabi yenye mkazo, anajaza maneno ya mtu mmoja katika mazungumzo ya simu, anaeleza angejuaje kwamba wasikilizaji wake wamechoka. Ni rahisi kucheka. Ni kama kumpima mpishi wa pilau kwa kumtaka ataje viungo. Lakini nimezungumza na walimu wa huko, na sicheki tena sana. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Wa Kiingereza unahama: "record" ikiwa nomino unatangulia mbele, ikiwa kitenzi unarudi nyuma. Sisi tuna irabu tano, hivyo "ship" na "sheep" kwetu ni chombo kimoja. Mwalimu anayejua kuwa swali la namna hiyo linakuja lazima afungue kinywa darasani, ayatamke yote mawili, awafanye na wanafunzi watamke. Karatasi haijapima sikio, lakini imelilazimisha darasa litoe sauti. Udhaifu wake ni kwamba baada ya miaka michache hata hayo hugeuka orodha za kukariri.

Tukirudi nyumbani, kuna jambo ambalo pande zote mbili hulisahau: tayari tunajua kupima kwa sikio, na hatukuhitaji spika. Inaitwa imla. Upimaji wa Kiswahili wa Darasa la Nne umekuwa na sehemu ambayo msimamizi anasoma sentensi na watoto wanaziandika. Mtoto wa miaka kumi anaaminiwa kusikiliza. Akifika miaka kumi na saba tunamnyima.

Kwa hiyo mimi ningeanzia Kidato cha Pili, kwenye ule upimaji wa kitaifa, si Kidato cha Nne. Kifungu kifupi cha dakika mbili, kisomwe mara mbili na mtu aliyesimama mbele ya darasa, kisha maswali matano yanayojibiwa kwa maneno machache. Alama 10, zisizoamua nani anakariri darasa kwa angalau miaka mitatu, mpaka tujue tunapima mtoto au tunapima paa. Hakuna rekodi, kwa hiyo hakuna faili la kuvuja kwenye WhatsApp usiku wa kuamkia mtihani zaidi ya vile karatasi yenyewe inavyoweza kuvuja. Mvua ikinyesha, msomaji anasubiri.

Na wakati huo kusoma nako kusiachwe kama kulivyo, maana si kweli kwamba upande huo tunapima vizuri. Swali la nani alitoa kiwanja linajibiwa na macho peke yake. Badala yake uliza kwa nini wazee walikataa kiwanja cha kwanza, ikiwa kifungu kimesema tu kwamba kilikuwa karibu na makaburi na hakikusema zaidi. Hapo hakuna mstari wa kunakili. Swali kama hilo halihitaji umeme wala bajeti, linahitaji mtunzi aketi nusu saa zaidi, na msahihishaji akubali majibu matatu tofauti. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu usahihishaji wa maelfu ya karatasi hupenda jibu moja.

Pingamizi kubwa dhidi ya imla ya Kiingereza ni lafudhi. Msomaji wa Tandahimba na wa Tarime hawatasoma sawa, na mwingine atachanganya "l" na "r" katikati ya neno muhimu. Ni kweli, ila lafudhi hizo ndizo atakazofundishiwa mtoto kesho yake, na sioni kwa nini sauti ya mtu wa London iwe kipimo halali zaidi kwa anayesomea Tarime. Kifungu kitungwe kwa kukwepa maneno yanayogeuka maana kwa herufi moja, basi.

Lipo pingamizi jingine ambalo sijawahi kulisikia likisemwa kwenye kikao. Nimesimamia mitihani, nimekaa na wasimamizi wenzangu tukisubiri bahasha zifunguliwe. Najua wengi wao, watu wenye shahada, ambao ukiwapa kifungu cha Kiingereza cha maneno 200 wakisome kwa sauti mbele ya watahiniwa 40 na mwenzao mmoja anasikiliza, watasema koo linawauma.