Bibi Salme wa Hamburg

Ile picha ya Bibi Salme tuliyoizoea, amesimama na mavazi ya mabibi wa Kiomani, watu wengi hudhani ilipigwa Unguja. Ilipigwa studio mjini Hamburg, mwishoni mwa miaka ya 1860, na aliyesimama pale alikuwa tayari anaitwa Emily Ruete, mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani. Tunayemtazama ni mhamiaji aliyevaa nguo za kwao mbele ya kamera ya ugenini.

Kisa chake nacho kimepatwa na hayohayo. Kinachosimuliwa ni mapenzi ya juu ya dari: binti wa Sayyid Said bin Sultan aliyekuwa mtawala wa Oman na Zanzibar, jirani Mjerumani, mimba, kutoroka. Mara nyingi husemwa alitoroka na mchumba wake. Sivyo. Agosti 1866, wakati wa Siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wa Waswahili, wanawake walipokuwa wakishuka pwani kukoga, aliingia mashua iliyompeleka kwenye manowari ya Kiingereza Highflyer, akasafiri mpaka Aden. Rudolph Heinrich Ruete alibaki Unguja kumaliza mambo ya biashara yake, akamfuata miezi kadhaa baadaye. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Aden. Mei 1867 mama akabatizwa na kufungishwa ndoa siku moja, na mtoto yule akafariki Ufaransa wakiwa njiani kuelekea Hamburg. Hapo wasimulizi wengi hufunga kitabu. Kwangu mimi, hapo ndipo kinapofunguka.

Tazama hesabu ya Agosti 1870. Mumewe alipata ajali ya tramu ya kukokotwa na farasi, akafa. Salme hajatimiza miaka 26. Binti mkubwa, Antonie, ana miaka 2 na miezi 4. Rudolph mdogo ana mwaka na miezi 3. Rosalie bado hajafikisha miezi 4, na vita vya Wajerumani na Wafaransa ndiyo kwanza vimeanza. Kwao, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, kazungukwa na madada na mashangazi, hana haja hata ya kujua bei ya mkaa. Hamburg hakuwa na dada wala shangazi. Alikuwa na Kijerumani cha miaka mitatu.

Zaidi ya msiba kulikuwa na sheria. Mjane wa zama zile hakuachiwa peke yake mali ya wanawe. Waliwekwa walezi wanaume wa kuisimamia. Mama analala na watoto, anawauguza, anawafundisha, lakini neno la mwisho kuhusu fedha zao liko kwa mtu mwingine. Katika miaka michache sehemu kubwa ya mali ikapotea. Ndipo kukaanza kuhama: Dresden, Rudolstadt, Berlin, Köln. Ukiitazama ramani utadhani alipenda kutembea. Ni njia ya mtu anayebana matumizi.

Alijikimu kwa nini? Kwa kalamu, na hilo lina historia yake. Utotoni, mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipopanga kumpindua kaka yao Sultani Majid, akamfanya mwandishi wake wa barua kwa sababu ya ujuzi huohuo. Na Ujerumani, alipohitaji kuwalisha watoto watatu, alifundisha Kiarabu. Msichana aliyeiba elimu juu ya mfupa ndiye mama aliyeishi kwayo.

Kuhusu mirathi, watu hukosea tena. Husemwa Barghash alimdhulumu urithi wa baba. Fungu lake la baba, aliyefariki 1856, alikuwa ameshalipata. Alichodai baadaye ni mafungu yake kwa ndugu waliokufa yeye akiwa Ulaya. Mlango huo ulifungwa na kanuni inayojulikana: asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Majid alifariki Oktoba 1870, miezi miwili tu baada ya mume wa Salme, na aliyekalia kiti ni Barghash, yuleyule ambaye Salme alikuwa mwandishi wake wa barua. Hakumsamehe.

Dola za Ulaya nazo zilimchezea. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alikwenda huko kutafuta suluhu. Waingereza wakamtaka asionane na kaka yake, na kwa badala yake wanawe wangeangaliwa. Akachagua watoto. Baadaye akaambiwa kuwa yeye ni raia wa Ujerumani, apeleke shida zake kwao. Agosti 1885 Wajerumani wakampeleka Unguja pamoja na manowari zao. Bismarck, kansela wa Ujerumani, alikuwa akitaka bara la Afrika Mashariki; dai la mjane lilikuwa kisingizio kizuri. Barghash alipolegeza msimamo kuhusu bara, dai likasahauliwa. Alirudi tena 1888, akatoka mikono mitupu, kisha akaishi Jaffa na Beirut mpaka 1914.

Simtaki awe malaika. Katika kumbukumbu zake alizochapisha 1886 aliutetea utumwa, na aliandika juu ya Waafrika kwa dharau. Hamburg ilikipa kiwanja jina lake mwaka 2019, kisha ikaliondoa kwa sababu ya maneno hayo, na siwezi kuwalaumu. Kumkumbuka mtu si lazima kumpa kiwanja. Lakini anayemfuta kabisa humpoteza pia mjane wa 1870, na huyo wengi hawajapata hata kumjua.

Kosa moja ni la vyanzo. Kitabu cha 1886 kinaizungumzia zaidi Unguja. Hasa ni kasri, vyakula, sikukuu na ndugu. Miaka ya ujane imo katika barua alizoandika kama anayemhadithia rafiki wa nyumbani, na hizo zilichapwa kwa Kiingereza 1993, karibu miaka 70 baada ya kifo chake mjini Jena, tarehe 29 Februari 1924. Anayesoma cha kwanza pekee hukutana na binti wa sultani. Mama yumo kwenye cha pili.

Na hata kile cha kwanza hakikuanza kama kitabu. Alianza kuandika akiwa amechoka mwili na roho, akihofia kufa kabla wanawe hawajawa wakubwa wa kuelezwa. Wakati huo walichojua juu yake ni kwamba mama yao ni Mwarabu wa Zanzibar, basi. Majina lakini alikuwa ameshawapa: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Yule wa kati alipokuwa mtu mzima alijiita Said-Ruete, na mwaka 1929 akachapisha kitabu juu ya babu yake, Said bin Sultan.