Sikupigwa Risasi ya Makalio

Kabla hujatuma kitu kwenye lile kundi la mchango, soma hapa kwanza. Sikupigwa risasi. Siko hospitalini Kitale, sijafanyiwa upasuaji wa makalio, na hakuna daktari anayenishona. Huyo rafiki yangu mnayemwita Mwenyekiti alirekodi sauti Jumamosi jioni akiwa anacheka hadi anakosa pumzi, nyinyi mkadhani analia, na kufika Jumapili asubuhi kundi tayari lilikuwa na mweka hazina. Shangazi yangu wa Ahero ameshatoa. Shangazi, Mungu akubariki, pesa zako zinarudi.

Sasa nyamazeni niwaambie ilivyokuwa.

Mnamjua Mwenyekiti. Akishikwa na jambo, nyumba nzima inalijua. Mwaka juzi ilikuwa kufuga kware. Sasa hivi ni tuu-tuu. Hiyo ni bunduki ya kaliba .22, ile ndogo, na ukimsikiliza utadhani nusu ya nchi imeacha gofu na kulala kifudifudi kwenye nyasi ikitoboa karatasi. Mawakili wamo, wakulima wa mahindi wamo, walimu wastaafu wamo. Na mimi, pale Dunga, ufukweni Kisumu, mbele ya watu waliokuwa wanakula samaki wao kwa amani, nikasema kwa sauti kwamba bunduki yenye risasi ya gramu mbili na nusu hivi si bunduki, ni kikohozi. Watu wakacheka. Nikaongeza kwamba mimi nikishika bunduki nataka ile ya kung'oa bega.

Ndivyo nilivyojikuta nje ya Kitale, kwenye shamba moja ambalo sitalitaja, lenye kibali chake, msimamizi wake na tuta la udongo nyuma ya shabaha lililopita nyumba yetu kwa urefu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nyasi zimelowa, Mlima Elgon umejifunika mawingu. Nilivaa suruali ya khaki iliyonibana vizuri, kwa ajili ya picha. Ikumbukeni hiyo suruali.

Msimamizi ni mwanajeshi mstaafu, kila mtu anamwita Afande, na Afande hana haraka. Alitusomesha kwanza. Risasi kubwa, akasema, ina fataki, yaani kiwashio chake, katikati ya kitako. Hii ndogo haina. Baruti yake ya kuwashia imezungushwa ndani ya ule ukingo mwembamba wa kitako, na pini ya bunduki inagonga ukingo. Ganda likishatumika huwezi kulijaza tena, unalitupa. Hii aina tuliyokuwa nayo ipo tangu 1887, na watu hawajaiacha kwa sababu ni rahisi, haipigi teke bega, haipasui masikio, na pesa ya risasi chache za bunduki kubwa inakupa hizi za kuchezea asubuhi nzima. "Lakini asiwadanganye mtu kwa udogo wake," akasema, akiniangalia mimi. "Inasafiri zaidi ya kilomita moja. Ndiyo maana ya hilo tuta."

Akaendelea na ya Olimpiki, kwamba wenzetu hupiga kwa hiyo hiyo .22 kutoka mita 50, na kile kiduara cha pointi kumi kina kipenyo cha milimita 10.4. Chukueni rula mpime. Nilipopima nyumbani nilinyamaza.

Halafu akafika kwenye ya kugoma. Mara nyingine ile baruti ya ukingoni haikuenea sawasawa, pini ikagonga mahali patupu, ikasema tik, basi. Hapo usifungue, usigeuke, usiinuke. Shikilia mdomo wa bunduki kwenye shabaha na uhesabu sekunde thelathini, maana huenda risasi imechelewa tu. Haya yote yalisemwa vizuri kabisa. Mimi wakati huo nilikuwa najipiga picha na zile miwani za njano.

Tukalala. Kulia kwangu mama mmoja mwalimu mstaafu, ametulia kama yuko kwake. Kushoto Mwenyekiti. Mkeka wangu ulikuwa wa mwisho, karibu na ukingo wa nyasi ndefu, na hakuna aliyeukagua kwa sababu nani anakagua mkeka?

Risasi ya kwanza ikatoka. Pa. Kweli haikupiga teke. Ya pili pa. Nikaanza kufikiria maisha yangu kama mwanamichezo wa taifa. Nikavuta ya tatu.

Tik.

"Imegoma!" Afande akanguruma nyuma yangu. "Usisogee! Mdomo mbele! Nahesabu mimi! Moja..."

Sasa wapendwa, mliokulia magharibi mnajua siafu. Siafu hawana papara. Hawamuumi mtu anapofika wa kwanza. Wanapanda kimya, wanagawana maeneo, huyu anachukua goti, huyu paja, wale shupavu wanaendelea juu, na kila mmoja anasubiri wenzake wafike. Mimi sijui nani hutoa ishara. Najua tu kwamba ishara ilitolewa Afande akiwa kwenye nne.

Wa kwanza aliuma nyuma ya goti la kushoto. Nikadhani ni mwiba. Saba. Wa pili akauma paja kwa ndani, na huyo nilimtambua. Nane. Nikasema kwa ustaarabu, "Afande, samahani." Lakini sote tulikuwa na vizibo masikioni, na kumbe ustaarabu haupiti kwenye vizibo. Tisa. Afande anahesabu kama mtu anayelipwa kwa saa. Kumi. Hapo mpaka wa suruali ukavukwa. Nilisema muikumbuke suruali? Ilinibana. Siafu aliyeingia mle hakuwa na njia ya kurudi, na mimi sikuwa na nafasi ya kumfikia, kwa hiyo tukabaki hivyo, yeye na mimi, tukiangalia shabaha.

Kumi na nne. Machozi. Kumi na saba. Nikaanza Baba Yetu. Ishirini. Mama Mwalimu akageuza jicho moja tu, akaona shavu langu linavyocheza juu ya kitako cha bunduki, akasema taratibu, "Jikaze, mwanangu, inaisha." Ishirini na tatu. Siafu shupavu zaidi akafika alikokuwa anakwenda.

Nikatikisika. Kidogo sana, naapa. Kiuno tu.

"UMESOGEA!" Afande akasema. "Tunaanza upya. Moja..."

Nataka mtulie hapo kidogo mniwazie. Mwanaume mzima, kifudifudi, bunduki mkononi ambayo huenda italia au isilie, kikosi kizima cha siafu kimefungua ofisi ndani ya khaki, na mzee anasema mbili kama anayekumbuka jina la mtu. Nilipiga kelele, sikatai. Mwenyekiti anasema nilitaja jina la mama yangu. Hilo silikubali, nilimtaja nyanya. Lakini mdomo wa bunduki haukutoka kwenye shabaha, na hiyo, ndugu mnaochanga, andikeni pia kwenye kundi lenu.

Thelathini ilipofika Afande akaichukua bunduki mwenyewe mikononi mwangu. Sikusubiri aseme lolote. Mbele hapaendwi, hiyo niliisikia, kwa hiyo nikakimbia nyuma, moja kwa moja kwenye mahindi, huku nikifungua mkanda. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Kiuno changu. Suruali ikagoma magotini, nikaanguka nayo, nikaivulia chini nikiwa nagaagaa kwenye matope, nang'oa siafu mmoja mmoja, mwili unatoka kichwa kinabaki kimeuma, na nilipoinua macho nikaona majembe.

Kina mama wa kupalilia. Watatu. Wamesimama mstari.

Hakuna salamu ya hali hiyo. Nilisema, "Hamjambo, kina mama." Mkubwa wao akajibu, "Hatujambo, baba. Habari ya huko?" Akageuza uso kwa heshima, akafungua leso kiunoni mwake akanirushia bila kunitazama. Wale wawili walinitazama kwa niaba yake.

Na ni hapo hapo, nimepiga magoti nafunga leso, nikasikia pa! halafu makofi na vigelegele kutoka kwenye mikeka. Kwa sekunde moja, nisameheni, nilidhani wananishangilia mimi kwa uvumilivu.

Kumbe Afande alikuwa ametoa ile risasi yangu iliyogoma, akawaonyesha alama ya pini ukingoni, akawaeleza kwamba ukiizungusha kidogo pini itagonga upande mwingine wenye baruti na mara nyingi itawaka. Akampa Mama Mwalimu. Mama Mwalimu akaizungusha, akalala, akapiga kumi. Risasi yangu! Ile ile. Shabaha sasa iko kwake sebuleni, Mwenyekiti amenitumia picha.

Mimi nikatokea kwenye mahindi na leso. Leso ile ina maandishi, kama zote, na nilivyokuwa nimeifunga maandishi yalikaa nyuma kabisa: MDHARAU MWIBA MGUU HUOTA TENDE. Hiyo ndiyo picha mnayoizungusha. Hakuna bandeji hapo. Hakuna damu. Ni leso, na lile doa ni matope ya Trans Nzoia.

Mengine hayana maana. Nilirudi Kisumu nimekaa upande mmoja wa kiti, makanga akaniuliza kama nalipia nusu. Vichwa vya siafu vyote vimetoka isipokuwa kimoja ambacho nakisubiri. Khaki imegawiwa. Mweka hazina, rudisha pesa za watu, na zile ulizotumia kununua maua tutaongea wewe na mimi.

Mama mwenye leso naye alipata namba yangu, kwa Mwenyekiti bila shaka. Amepiga jana. Leso yake anaitaka, imefuliwa na kupigwa pasi. Halafu akashusha sauti, akaniuliza kama ile bunduki ndogo wanamfundisha hata mtu wa rika lake, maana amekuwa akiwaangalia kutoka kwenye mahindi na anaona wengi wetu tunapiga vibaya. Nikampa namba ya Afande.