Casablanca bila Wamoroko

Ukisema hujawahi kuiona Casablanca, hakosi mtu wa kukutazama kama vile hujapita shule. Haya, nimeiona. Filamu ya 1942, nzuri kweli, sikatai. Ila jamani, Wamoroko wako wapi? Mji wao, nchi yao, halafu kazi waliyopewa ni kuuza vitambaa sokoni na kufungua milango! Najua ilipigwa studio huko California, lakini hata hivyo.

Kinachonikera zaidi ni pale ukumbi mzima wa klabu ya Rick, shujaa wa filamu, unapoimba La Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa, kuwazima Wajerumani. Machozi yalinilenga hata mimi, hasa kwa kuwa baadhi ya waigizaji wale walikuwa wakimbizi kweli, wamewatoroka Wanazi. Lakini hebu tulia kidogo: Wafaransa wanaimba uhuru ndani ya nchi waliyoishika mkononi tangu 1912, na hakuna hata mmoja mle anayeona ajabu.

Halafu Sam, mpiga piano wa klabu hiyo. Anaigizwa na Dooley Wilson, mtu mzima aliyeshavuka miaka 50, anaitwa "boi" na Ilsa, mpenzi wa zamani wa Rick, binti ambaye hajafika 30. Ndiye anayejua siri zote za Rick, ndiye anayembembeleza akilewa. Mwishoni Rick anaondoka na rafiki mpya, Sam anaachwa kwa mwenye klabu mwingine, wala hatuonyeshwi wakiagana.

Ukilalamika, mashabiki wanakujibu, "Zama zile ndivyo ilivyokuwa." Kwani zama zile Moroko haikuwa na Wamoroko?